Wala Nzi Chini ya Taa ya Zambarau

Jumatatu, 2 Juni

Naanza kitabu hiki leo kwa sababu Nyawira ameniambia mtu anayechunga mimea huandika. Nyawira ni mtoto wa dada yangu Waruguru. Nimemlea hapa Kariobangi tangu akiwa darasa la tano, na sasa yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea mimea. Jana alienda Naivasha kwenye shamba la maua, mafunzo ya wiki kumi, na ameniachia watoto wake ishirini na wanne. Mimi nawaita watoto. Ni mimea inayokula wadudu wazima wazima.

Ina majina marefu kama ya dawa. Nimeipa yangu. Gundi wako kumi na wawili: majani madogo yenye vinywele vyekundu, na kwenye ncha ya kila kinywele kuna tone linalong'aa. Mbu akitua pale, shughuli yake imekwisha. Meno ni wanane: jani limefunguka kama mdomo wa mamba, nzi akigusa linafunga. Birika ni wanne, wanasimama wima na maji tumboni, mdudu anateleza ndani kama mlevi kwenye mtaro.

Mwaka mzima walikaa dirishani wakiota jua. Tangu Mei jua hakuna. Jirani amejenga ghorofa karibu sana, naweza kutoa mkono dirishani nikagusa ukuta wake. Saa sita mchana naandika haya nikiwa nimewasha balbu. Juu ya hayo baridi imeingia na mawingu yake. Kwa hiyo mimea inataka taa, na Nyawira alitaka kuinunua mwenyewe kabla hajaondoka. Nilikataa. Nimekuwa fundi wa stima miaka ishirini na tisa. Mwaka ule stima ilipopotea mtaani Jericho usiku wa fainali ya mpira, ni mimi nilishika waya mbili kwa mikono mitupu, nikasimama hivyo dakika tisini mtaa wote ukitazama. Mtu kama huyo hachaguliwi taa na mtoto.

Ameacha masharti matatu. Maji ya mvua peke yake, yako kwenye jerikeni sita chini ya kitanda. Mwanga saa kumi na nne kwa siku. Na kila Jumamosi nipime mwanga kwa kipimo kidogo cha chuo, nijaze namba kwenye karatasi yake, nimtumie namba na picha. Namba hizo ndizo kazi yake ya mwisho: anataka kuonyesha ni mwanga kiasi gani wa taa unatosha mimea hii kubaki myekundu ndani ya nyumba. Tarehe 15 Agosti mwalimu wake, Daktari Mbithe, atakagua karatasi na mimea. Ikienda vibaya anarudia mwaka, na mfadhili wake hafadhili mwaka mara mbili.

Nilimwambia aende alale usingizi.

Jumanne, 3 Juni

Nimenunua taa. Niandike vizuri maana ilikuwa siku ya heshima.

Wehliye ana duka la vitu vya stima hapa sokoni na tunajuana miaka mingi. Nilimweleza habari ya wala nzi, akacheka mpaka akakaa. Halafu akaleta taa mbili. Ya kwanza ni mirija myeupe, mirefu, kama ya buchari wanakouza nyama, haina hata picha. Ya pili ni bapa pana ya zambarau, na boksi lake limechorwa nyanya kubwa kama kichwa cha mtu. Imeandikwa wati elfu moja.

Wehliye akaniambia nichukue mirija miwili, niining'inize juu ya mimea urefu wa rula, basi. Akasema hii ya zambarau watu huinunua kwa sababu ya boksi.

"Hiyo elfu imeandikwa na mwenye kuuza, fundi," alisema. "Una kipimo chako mfukoni. Chomeka hapa upime."

Sasa dukani walikuwepo mafundi vijana watatu, na mmoja akawanong'oneza wenzake kwamba huyu ndiye Gitonga wa Jericho. Baada ya maneno hayo mtu anatokaje na taa ya buchari? Tena anapimaje, kama mtu ambaye hana uhakika? Niliweka kiganja kwenye ile bapa ikiwa imewaka, nikafumba macho, nikasema ni elfu moja na kidogo. Vijana wakapiga makofi. Wehliye akafunga boksi na kamba.

Nililibeba begani, nyanya ikiangalia barabara.

Jumatano, 4 Juni

Karatasi ya ndani ya boksi inasema taa ya nguvu hivi isikae karibu, itachoma majani. Mita moja na nusu kwenda juu. Nimetoboa dari, nimefunga ndoano, nimeitundika kama taa ya barabarani. Ukumbi wote wa ghorofa ya tatu umekuwa zambarau. Ambaro, fundi cherehani wa chini, ambaye sote humwita Mama Kawsar, alipanda ngazi kuuliza kama nimefungua baa au kanisa. Nikamwambia ni maabara. Akasema maabara sawa, lakini nifunge mlango.

Ijumaa, 6 Juni

Meno mmoja amekamata nzi mwenyewe. Kule kibandani tunakonywea chai nimesema nilimfundisha.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimepima. Kipimo kimesoma 2,100.

Nyawira aliniambia tunatafuta elfu kumi kwenda juu. Nikakigonga. Nikakipuliza. Nikatoa betri ya rimoti nikaweka. Kikasoma 2,080. Nikakaa kitini nikafikiri: taa imeandikwa elfu moja na kiwanda kizima, watu wenye mashine na makoti meupe, halafu kijitu cha plastiki kilichopita mikono ya wanafunzi mia ndicho kije kuniambia mambo? Ni wazi nani amechoka hapa.

Nikaandika 12,000. Nikapiga picha, mimea yote inang'aa kama mfalme yuko ndani, nikatuma.

Alijibu hapo hapo: "Anko, wewe ni moto. Hata chuoni hatufikishi hiyo."

Nimetembea hadi Jericho na kurudi, nimefurahi tu.

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Manyunyu. Nimekinga maji ya mvua, jerikeni moja na nusu.

Jumamosi, 14 Juni

12,300. Sikukiwasha kipimo, kwa nini nisumbuke na kitu kibovu. Ila sikuandika 12,000 tena, namba zikifanana sana mtu anashtuka.

Jumatano, 18 Juni

Kule kibandani niliwaambia wazee kwamba Meno wangu wanakula mbavu za mbuzi. Masinde, yule wa kushona viatu, akasema tuone. Wakapanda watano. Nilitia kipande cha nyama choma mdomoni mwa mmoja, akafunga, wakashangilia, Masinde akaomba msamaha mbele ya watu.

Ijumaa, 20 Juni

Ule mdomo umeoza, mweusi. Nimeukata na mkasi. Sijaona haja ya kumwambia Nyawira.

Jumamosi, 21 Juni

11,900. Gundi wamerefuka kama maharagwe. Nimemwambia Nyawira wanakua kuliko walivyokua kwake.

Ijumaa, 27 Juni

Mkono hautaki kuandika lakini niandike.

Stima ilipotea asubuhi. Nikaona mimea isikose mwanga kabisa, nikabeba trei mbili hadi juu ya paa, kule watu wanakoanika nguo. Mbingu ilikuwa ya majivu, lakini ilikuwa mbingu. Niliziweka chini, nikanyoosha mgongo, nikaangalia.

Sijawahi kuiona mimea hii kwa wiki tatu. Hilo ndilo nimegundua leo. Nimeiangalia kila siku na sijaiona. Gundi hawana wekundu hata kidogo. Wamekuwa rangi ya kabichi ya ndani, majani yamelegea, na matone hayapo. Nilipitisha kidole juu ya majani na hakuna kilichonata. Meno wamelala chali, midomo wazi, nikagusa mmoja kwa njiti mara tatu na hakufunga. Birika walikuwa na afadhali. Ule urefu niliokuwa namsifia Nyawira si kukua. Wamekuwa wakinyoosha shingo wakitafuta taa.

Mama Kawsar alikuwa anaanika vitambaa. Akaja akachuchumaa, akainua jani kwa ukucha.

"Hizi si zilikuwa nyekundu?" aliuliza.

Nikamwambia ni msimu, zinabadilika. Yeye hushona sare za shule, anachagua uzi kutwa nzima, na hawezi kudanganywa rangi. Akasema siku ile alipokuja mlangoni kwangu alikuwa na vibobini viwili vya uzi mkononi, kimoja chekundu na kimoja cha kahawia, na chini ya taa yangu vilikuwa kitu kimoja.

"Mzee Gitonga, usikasirike. Taa yako inaficha ugonjwa. Huyo msichana unamtumia picha gani?"

Nikasema picha za kawaida. Akarudi kwenye vitambaa vyake.

Stima iliporudi saa nane nilifanya kile ambacho Wehliye aliniambia nifanye tarehe tatu. Nilishika waya wa taa kwa kipimo changu cha kazi. Arobaini na tatu. Si elfu moja. Wati arobaini na tatu, nikaitundika juu kama inayoweza kuchoma nyumba. Boksi lilikuwa mezani na nyanya yake, likinitazama kama mimi ninavyotazama watu nikisimulia Jericho na kufika pale pa dakika tisini.

Kile kipimo kidogo cha plastiki kilikuwa kinasema kweli tangu mwanzo.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeishusha taa kwa kamba mpaka urefu wa rula. Katikati ya trei inasoma 6,000. Pembeni 900. Haitoshi.

Nimemtumia 12,100. Nilikuwa nimeshika simu nikitaka kumwambia, kisha nikaona akiuliza zile za nyuma nitasema nini.

Jumanne, 1 Julai

Baridi imenishika magoti. Gundi mmoja amekufa.

Jumamosi, 5 Julai

Nyawira amepiga simu badala ya kuandika. Amechora namba zangu kwenye mstari, mstari umetulia vizuri, amempelekea Daktari Mbithe na Daktari amefurahi. Anataka jina la taa ili mwaka ujao chuo kiinunue. Nikasema jina limefutika kwenye boksi. Boksi lilikuwa mbele yangu.

Akauliza namba ya leo. Nikasema 12,200. Nilisikia kalamu yake ikiandika.

Alhamisi, 10 Julai

Gundi waliokufa ni wanne sasa. Wanakauka kuanzia ncha, kisha wanageuka uji. Nimewaweka kwenye kopo, sikuweza kuwatupa. Meno mmoja pia amekwenda.

Niliwaza kurudi kwa Wehliye. Nikafika hadi kona nikaona vijana wamejaa mlangoni kwake. Nikanunua mandazi, nikarudi.

Jumamosi, 12 Julai

12,000. Nimetuma picha ya wiki ya kwanza.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya saba hata nje hakuna jua. Pale ngazini Mama Kawsar aliniuliza kama nimemwambia mtoto. Nikasema niko njiani kumwambia. Akasema hiyo njia ni ndefu kuliko ya Mandera.

Ijumaa, 18 Julai

Waliokufa: Gundi sita. Meno wawili. Birika bado wanne.

Nimekaa na karatasi ya Nyawira. Nilisoma hadi darasa la sita, la saba nililisikia nikiwa dirishani, na maisha yote nimeona watu wenye karatasi wakiniangalia kwa dharau. Maneno yangu ya kibandani hakuna anayeyaandika. Yanaisha na chai. Hii ni mara ya kwanza mtu ameniuliza jambo, nikajibu, naye akaandika kwa kalamu ya wino kama nilivyosema.

Jumanne, 22 Julai

Nimeenda kwa Wehliye saa moja asubuhi kusudi nisimkute mtu. Nikamkuta mmoja wa wale vijana, yule wa kunong'ona, ananunua soketi. Nilitaka kugeuka. Boksi lilikuwa begani tayari, sikuwa na pa kulificha.

Nililiweka kaunta. Nikasema: "Wehliye, ni arobaini na tatu. Ulinionya na sikupima. Nipe ile ya buchari."

Kijana akaangalia soketi yake. Wehliye hakucheka, na hilo lilikuwa gumu kuliko kucheka. Akasema ana mrija mmoja tu, mingine inaingia wiki ijayo. Aliichukua ile ya zambarau, akasema atapata mtu wa kuiweka kwenye saluni, akanipa mrija na vishikio vyake. Nilipofika mlangoni yule kijana akanishikia mlango, akaniita mzee. Mara ile nilikuwa Gitonga wa Jericho.

Mrija mmoja hautoshi. Niliuweka nikapima, 5,800. Nilikuwa bado nimesimama juu ya kiti Mama Kawsar aliposimama mlangoni na mrija wake mwenyewe, ule wa juu ya cherehani, umefungwa kwenye kitenge. Nikamuuliza atashonaje. Akasema atasogeza mashine mlangoni kwenye mwanga wa nje, avae sweta mbili. Nikaanza kumshukuru kwa maneno mengi, akanikatiza, akasema hajaleta kwa ajili yangu.

Miwili pamoja: 11,200. Nimesoma mara tatu.

Jumatano, 23 Julai

11,150. Chini ya mwanga mweupe kila kitu kinaonekana, na ningependa kisionekane.

Mama Kawsar anashona mlangoni amejifunika shuka.

Ijumaa, 25 Julai

Wazo limekuja, nitaliandika kama lilivyokuja. Sasa taa ni nzuri. Namba za kweli zinakaribiana na zile nilizotunga. Kesho naandika namba ya kweli, na Jumamosi ijayo vivyo hivyo, na hakuna Daktari duniani atakayeona mshono. Mimea iliyokufa nitasema ni baridi. Mimea hufa. Ni wazo zuri na limenifanya nikose hamu ya kula.

Jumamosi, 26 Julai

Nilimtumia 11,200, ya kweli. Akapiga simu. Sauti yake ilikuwa juu juu, kama siku alipopata barua ya chuo. Anaandika kurasa za mbele za kazi yake, pale wanaposhukuru watu. Akanisomea. Kuna jina la Daktari, jina la mama yake, halafu linakuja hili:

"Vipimo vyote vya mwanga vilichukuliwa na mjomba wangu, Gitonga, fundi wa stima, ambaye hakukosa hata Jumamosi moja."

Akaniuliza kama niko. Nikasema niko. Akauliza kama limekaa vizuri au aongeze jina la baba yangu. Nikasema limekaa vizuri, nikakata, nikasema mtandao ni mbaya.

Jina langu halijawahi kuandikwa kwenye kitu chochote isipokuwa kitambulisho na risiti.

Jumapili, 27 Julai

Nimeenda Naivasha.

Sikumwambia naja. Alitoka getini amevaa gambuti na koti la shamba, amekonda kidogo, akanikumbatia akiuliza nani amekufa. Nikasema hakuna mtu. Tukakaa kwenye jiwe nje ya ukuta. Kule kulikuwa na jua, ndilo nakumbuka, jua lenyewe la manjano, nikajua mimea yangu ingelipenda.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yalianza na ubovu wa kipimo, yakapita kwenye boksi, yakapita kwa jirani na ukuta wake, mimi nikatokea mwishoni kabisa. Nilipofungua mdomo yote yakaniponyoka. Nikatoa karatasi yake mfukoni.

"Hizi namba nilizitunga," nikasema.

Hakuelewa. Akauliza ni ipi. Nikasema ya jana ni ya kweli. Zile saba za kabla yake, zote. Akasema zote hapana, lazima kuna uliyopima. Nikamwambia ya kwanza nilipima. Ilikuwa elfu mbili na mia moja.

"Na ukaandika kumi na mbili."

"Nikaandika kumi na mbili."

Akaweka kidole kwenye karatasi, akashuka nacho mstari kwa mstari, taratibu, mpaka chini. Akauliza wangapi wako hai. Gundi watano, nikasema, Meno sita, Birika wanne. Aliuliza picha. Nikamweleza picha. Kuna watu walipita wakamsalimia, akawajibu, akawatabasamia hata, kisha uso ukarudi.

Nilidhani atalia na nilikuwa nimejiandaa kwa kulia. Badala yake alizungumza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Anko, ungeniambia elfu mbili ningekuwa na kitu. Elfu mbili pia ni namba. Mimea ilipoteza rangi kwa elfu mbili, hiyo tayari ni kazi, ningeiandika hiyo. Hata wale waliokufa ningewaandika. Sasa sina elfu mbili wala sina kumi na mbili. Sina kitu."

Nikamwambia sikujua kwamba namba ndogo ina faida. Hilo ni kweli, sikujua. Nilidhani namba ndogo ni aibu.

"Nilikuuliza kila Jumamosi," akasema.

Nikajitolea kwenda kwa Daktari Mbithe kuomba msamaha mwenyewe, nitampigia magoti, nitamweleza kwamba msichana hana kosa. Akasema hapana. Atamwambia yeye, kazi ni yake. Nikaanza kusema tena na akainua mkono, akasema tafadhali nisiseme kitu kingine leo, hata kizuri, kwa sababu hatajua afanye nini nacho.

Alinisindikiza hadi barabarani. Akaninunulia maji ya chupa. Hakungoja niondoke.

Jumatatu, 28 Julai

Wehliye ametuma mrija wa pili. Nimemrudishia Mama Kawsar wake. Nimepanda juu ya stuli nikamfungia mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

11,080. Gundi mmoja ana tone moja. Nilitaka kumpigia Nyawira nimwambie matone yamerudi. Nimeandika tu: Gundi mmoja, tone moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyuma ya kibanda wameanza habari ya Jericho, wanataka niimalizie kwa mgeni. Nikasema nina kazi nyumbani. Masinde akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 10 Agosti

Nyawira amerudi. Ameingia, ameweka begi, ameenda moja kwa moja kwenye mimea. Amepiga magoti mbele yake karibu saa nzima akiandika. Nilipika ugali na matumbo, anapenda. Amekula. Tumeongea habari ya ukuta wa jirani.

Ijumaa, 15 Agosti

Amekwenda chuoni asubuhi na boksi la mimea mapajani ndani ya teksi, na mimi sikuitwa. Kutwa nzima nilikaa kwa Mama Kawsar nikimkatia nyuzi. Alinipa kazi moja baada ya nyingine, vifungo, pindo, kupanga sare kwa saizi.

Nyawira alirudi saa kumi. Alituambia sote wawili akiwa amesimama. Daktari amefuta wiki saba zote kwa wino mwekundu, akamwambia angeweza kumfukuza, lakini kwa kuwa amekuja kusema mwenyewe kabla ya kuulizwa, anampa hadi mwisho wa Novemba aanze upya na hawa kumi na watano. Mfadhili ataandikiwa barua. Jibu halijulikani. Kama ni hapana, basi ni hapana, amefika mwisho.

Na kuna sharti. Sasa mwanga upimwe kila asubuhi, na kila kipimo kitiwe sahihi na watu wawili, na mmoja asiwe wa familia. Alisema hilo akimwangalia Mama Kawsar. Mama Kawsar akasema yeye anaandika jina lake kwa kuchora, kama hilo linakubalika. Nyawira akasema linakubalika.

Nikauliza kama mtu wa pili ni yeye Nyawira. Akasema asubuhi za wiki atakuwa maktaba akisoma. Mtu wa pili ni mimi, akasema, kwa sababu hakuna mwingine.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo tumepima watatu. Nje kuna jua kidogo, ingawa halitufikii.

Nilishika kipimo juu ya trei, Mama Kawsar akavaa miwani akasoma kwa sauti: elfu kumi, mia tisa na arobaini. Karatasi ni mpya, haina kitu ila tarehe. Nilipoinamia kuandika, mkono ulitaka kuifanya kumi na moja. Sitasema haukutaka. Sitini tu zilikuwa zimebaki, nani angezitafuta.

Nikaandika 10,940. Nikatia sahihi. Mama Kawsar akachora jina lake chini ya langu, akichukua muda wake.

Nyawira akaisoma karatasi. Kisha akachukua kile kipimo mkononi mwangu, akakiwasha, akakishika mwenyewe juu ya mimea, akangoja namba itulie. Mimi na Mama Kawsar tukasimama. Akaangalia kipimo, akaangalia karatasi, akaweka alama ndogo ya kalamu pembeni ya namba yangu, akaenda kunawa mikono.